Kijiko cha Digna

Pale Mlabani, mwaka wa hamsini na sita, karatasi yoyote yenye Kizungu ilipelekwa kwa Aurelia. Alikuwa amefika darasa la nne, na majirani walimwita msomi wetu, wengine kwa heshima, wengine kwa utani. Mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali.

Asubuhi moja jirani yake Yosefina alikuja na mwanawe Digna mgongoni, mtoto anakohoa, na chupa ya dawa mkononi. Kipimo alikuwa ameelezwa zahanati, lakini kwa wasiwasi wa mtoto kilimtoka kichwani njiani. Aurelia akasoma kibandiko. "Spoon" alilijua, ni kijiko. Kipande cha mbele kilimpiga chenga, ila shuleni aliwahi kusoma "tablespoon", na hili lilifanana nalo. Yosefina alikuwa anamtazama kwa imani yote. Basi akasema bila kupepesa: kijiko kikubwa kimoja, asubuhi, mchana na jioni. Akamwazima na kijiko chenyewe, maana kwa Yosefina walikula kwa mkono kama watu wengi.

Karibu na saa sita alikwenda dukani kwa Yunusi kununua chumvi. Mezani palikuwa na boksi la vijiko vidogo, vipya, limeandikwa neno lilelile la kwenye chupa: "teaspoon". Akauliza kama mtu anayeuliza bei tu. Yunusi akamwambia hivyo ni vya kukorogea chai; vikubwa vya mezani vina jina lao, na kimoja kinameza hivi vitatu.

Chumvi aliiacha palepale.

Njiani akawa anatunga maneno. Angesema dawa ya namna hii huanza na kijiko kikubwa, kisha hufuata kidogo. Yosefina angeamini, na nani angejua? Mama mwenzangu unayesoma haya, hapo ndipo pa kuogopa kuliko hata kwenye chupa.

Alimkuta Digna amelala mkekani, mdomo wazi, na mama yake anafurahi kwamba kikohozi kimetulia. Kijiko cha mchana kilikuwa kimeshajazwa.

"Usimpe," Aurelia akasema. "Sikujua, mwenzangu. Nilikisia. Asubuhi amekunywa mara tatu ya kipimo."

Yosefina alimwaga dawa ya kijikoni chini, akamfunga mtoto mgongoni, wakashika njia ya zahanati. Dresa, mhudumu wa tiba pale, alipouliza mtoto amekunywa kiasi gani, aliyejibu ni Aurelia, mbele ya foleni nzima ya akina mama. Dresa akamtazama Digna macho, akasikiliza pumzi, akasema wakae palepale karibu naye, wala mtoto asiachwe azame usingizini.

Wakakaa, wakipokezana. Aurelia alimpangusa uso kwa maji, akamtekenya nyayo, kisha kwa kuchanganyikiwa akaanza kumwimbia wimbo wa Kindamba.

"Huo si wa kumlaza?" Yosefina akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu nyumbani. Aurelia akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo.

Alasiri Digna alifumbua macho mwenyewe, akalia kwa hasira, akataka uji. Dresa akawaruhusu. Nje, Aurelia alibaki nyuma, hajui kama atembee nao au aende peke yake.

"Ungeninyamazia, ningempa na cha pili," Yosefina akasema, huku anafungua kanga. "Njoo umbebe, dada. Mgongo wangu umechoka."