Springi Nyembamba

Kila asubuhi kabla ya kazi, nyapara Odhiambo aliwasalimia vibarua wa shamba la mkonge pale Thika kwa kuwaminya vidole mpaka wapige magoti. Jeconia hakupiga goti, na nyapara hakumsamehe.

Wiki tatu kabla ya mashindano ya kuvuta kamba Ruiru, nyapara aliiletea timu ya shamba springi mbili za kukaza mkono, moja nene, moja nyembamba. Jeconia alijaribu ile nene, ikakataa kufungika. Akaiweka chini, akachukua nyembamba.

"Hiyo ni ya wanawake," nyapara alisema, na watu wakacheka.

"Basi mimi ni mwanamke. Naminya ninayoiweza."

Akawa anaiminya mara kumi, anapumzika, kisha anatanua vidole ndani ya kipande cha tyubu ya baiskeli. Kiganja kikiuma, anaacha siku hiyo. Nyapara akatishia kumtoa kwenye timu.

"Nitoe," Jeconia alisema, akaendelea vilevile.

Nyapara mwenyewe aliing'ang'ania ile nene kutwa, hata kifundo cha mkono kilipoanza kuvimba.

Siku ya mashindano, kamba ilimponyoka nyapara ilipokazwa tu. Jeconia, nyuma yake, hakuachia, na Thika wakashinda.

Nyapara akaja kumpongeza mbele ya watu, akanyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefura kama andazi.

Jeconia akaweka mikono yake nyuma.

"Nyapara, wewe ni mtu wa kwetu, unajua. Mkono wa kushoto hasalimiwi nao mtu, hata akiwa mwanamke."