Kidevu cha Kasmuri

Kabla ya adhana ya alfajiri, gizani, Kasmuri alijipapasa kidevu kama kawaida yake. Siku zote mkono wake ulilia kwaru, kwaru. Leo ulilia fyuu, kama kitambaa cha hariri. Mkewe Warsini akawasha taa. Uso wa mumewe, upande wa kushoto, ulikuwa umepigwa msasa.

Warsini alipitisha kidole shavuni. Hapa Jepara wanaume huchonga mtiki na wanawake husugua, naye alikuwa amesugua tangu usichana wake. Karatasi ya kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, yote kufuata nyuzi za mbao. Ukingo wa taya ulikuwa mkali, maana yake karatasi ilizungushwa kwenye kibao. Karakana nzima, asiyesahau kibao ni mmoja tu.

"Ni Ngatini," alisema.

"Karatasi ilikuwa mpya," Kasmuri alisema. "Ingekaa bure."

"Na mimi unaniletea zilizokwisha makali."

"Wewe si wa nyumbani, mama Wening?"

Upande wa kulia, kovu la kidevuni lilikuwa bado lipo. Patasi ilimkata hapo siku Wening alipozaliwa, alipokurupuka kwenda kumwona. Mtoto hapati usingizi bila kuligusa.

Karakanani wanawake walicheka. "Shoga, mumeo anang'aa! Wangu naye ana mabonde, apelekwe kwa nani?"

Ngatini, mjane, hakuinua macho kutoka kwenye mguu wa meza. "Upande wa pili naumaliza leo. Sipendi kazi nusu."

"Kovu liache," Warsini alisema. "Si lako hilo."

"Dada, nitaachaje shimo kwenye ubao tambarare?"

Warsini alitafuta kasoro kwenye mguu ule wa meza. Hakuiona, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Jioni Kasmuri alirudi laini pande zote mbili. Alikula wali na tempe ya soya, akajinyoosha mkekani. Warsini alichukua karatasi ya kukwaruza, akamsugua kidevu kwa nguvu zote, bila kibao, kukata nyuzi, ili kirudi kama zamani. Karatasi ilikuwa moja ya zile alizoletewa. Iliteleza tu.

"Fuata nyuzi," Kasmuri alisema, macho yamefumbwa.

Wening akapanda kifuani kwa baba yake. Kidole chake kikatafuta kidevuni, kikaenda, kikarudi.

"Kovu langu halipo," alisema.