Neno la Kumlisha Sheru

Mimi Tryphosa sina ulimi mtamu, na siku nilipomwona yule mbwa nyuma ya duka la Subhash nilimtukana Mhindi huyo mpaka majirani wakatoka kuchungulia. Alikuwa amefunga duka lake la vyuma hapa Kisii, akahamia Nairobi na familia yake, mbwa akabaki kwenye mnyororo. Mlinzi aliyeachiwa kazi ya kumlisha alitoweka kabla wiki haijaisha. Siku tisa bila chakula! Mbavu zote ungeweza kuzihesabu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Nilifanya kazi kwenye makao ya mbwa waliotupwa, karibu na Daraja Mbili, ambayo Daktari Nyangate wa mifugo alikuwa ameyaanzisha kwenye shamba lake. Nilikuwa nawaosha, nawatoa kupe, nawapikia, nawazoesha watu upya. Sokoni walinicheka. "Tryphosa, wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unalea mbwa?" Niliwajibu kwamba mbwa wangu wana adabu kuliko watoto wao.

Sasa huyu wa Subhash, Sheru jina lake, nilipomfungua na kumleta kwenye makao akakataa kula. Nilimpikia ugali na matumbo, nikamwekea. Aliketi kitako, akaangalia sahani, akaniangalia mimi, mate yakimdondoka. Hakugusa. Kesho yake vilevile. Daktari akasema huyu hafiki Jumapili.

"Kula basi, wewe!" nilimfokea. "Unataka nikulishe kwa kijiko?" Halafu nikamkumbatia shingo nikalia, maana nilikuwa nimeshampenda, ningefanyaje?

Nikaenda mbio mjini kwa Indira, dada yake Subhash, muuza vitambaa, ambaye sisi tulimwita Mama Dhruv kwa jina la mwanawe. Aliponisikia aliweka mkasi chini.

"Huyo hali mpaka aambiwe khaa. Kwetu ni kusema kula. Kaka yangu alimfundisha hivyo tangu akiwa mdogo. Bila neno hilo atakufa akiiangalia nyama."

Nilirudi nikapiga magoti mbele ya sahani. "Sheru, khaa." Ee Nyasae, Mungu wetu! Alikula mpaka akanilamba vidole, na mimi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Baada ya miezi mitatu manyoya yake yaling'aa. Nilianza kumpeleka sokoni azoee watu, tumtafutie boma, ingawa kusema ukweli niliomba asitokee mtu wa kumtaka. Machogu, muuza nyama, alikuwa akimtupia kipande. Sheru anaketi, ananiangalia. Nikisema khaa, anakula. Watu waliacha kupimiwa nyama wakatazama. "Jamani, huyu mbwa amesoma!" Machogu alikuwa akisema. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha.

Kisha Mama Dhruv akaja na habari. Kaka yake hakuwa amemtupa. Alikuwa akitafuta nyumba yenye ua, na mlinzi, kabla ya kutoweka, alimhakikishia kwa simu kwamba mbwa anakula vizuri. Sasa nyumba imepatikana, Jumamosi anakuja kumchukua. Nilinuna siku mbili, nikamfokea hata Daktari bila kosa. Lakini mbwa alikuwa na mwenyewe, nami nilitaka Subhash amkute mzima, amenenepa, ajue hakuachwa kwa mtu wa ovyo.

Alhamisi nikampeleka sokoni kuaga. Tulipokuwa tukirudi, nyuma ya mabanda ya mitumba, nyama ilikuwa kwenye nyasi. Kipande kizuri, hakina hata mfupa. Sheru alisimama, akanusa, akaketi. Akaniangalia.

Nikadhani Machogu ametuwekea ya kwaheri. Alikuwa mtu wa mambo kama hayo.

"Khaa, baba," nikasema. "Kula ushibe."

Hatukufika barabarani. Miguu ilimkakamaa, povu likamtoka, akaanguka huku akitetemeka mwili mzima. Nilipiga mayowe. Machogu alikuja na mkokoteni, akamimina maziwa yote ya chai yake mdomoni mwa Sheru, yakamwagika. Daktari alikuwa Nyamira kumzalisha ng'ombe wa watu. Sheru alifia kwenye mkokoteni, kichwa chake mapajani pangu. Siku hiyo walikufa na mbwa wengine sita wa sokoni. Mtu alikuwa ametega sumu, na hadi leo simjui.

Jumamosi Subhash akaja na bakuli la chuma, lile la Sheru tangu utotoni. Matusi niliyokuwa nimemwekea kwa miezi yote hiyo sikuyaona tena. Nilimwambia kwa kifupi: amekufa, alikula nyama yenye sumu. Mzee wa watu akakaa kwenye ngazi, bakuli likiwa magotini.

"Aliokota chini?"

Daktari, aliyekuwa amesimama nami, alijibu kwamba ndiyo, aliokota njiani. Ndivyo alivyojua. Machogu pia alijua hivyo, maana sikuwa nimemwambia mtu.

"Mbwa wangu wa kwanza aliuawa na wezi hivyohivyo, kwa nyama," Subhash akasema. "Ndiyo maana huyu nilimfundisha neno. Miaka miwili nilimfundisha. Kumbe hakushika." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Nilimfundisha vibaya. Mimi ndiye niliyemuua."

Ningenyamaza, ingeishia hapo. Angerudi Nairobi na bakuli lake, na hakuna mtu angejua. Lakini nilimwona Sheru kwenye zile nyasi, ameketi wima, masikio juu, akisubiri kama alivyofundishwa. Singeweza kumwacha kaburini na sifa ya mbwa mwokotaji.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Ulimfundisha vizuri. Hakuokota. Aliketi, akaniangalia mimi." Nikaongeza: "Neno nililisema mimi."

Nilisubiri Subhash anitukane, kama nilivyomtukana yeye mbele ya majirani zake wote. Hakunitukana. Aliinuka, akaniuliza kwa upole nimemzika wapi.