Diski ya Pili

Okumu, fundi wa kompyuta pale Gudele, mjini Juba, hakupenda kazi za mbali, na hii ilikuwa mbali kwelikweli. Seva yenyewe ilikuwa Aweil, kwenye zahanati ya kifua kikuu. Barabara imekatwa na mvua, ndege ya wiki imejaa. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na majina ya wagonjwa mia tatu na siku kila mmoja alipoanza dawa. Yakipotea, nani atajua nani amefika mwezi wa ngapi? Watu wangeanzishwa upya, na wengine wangekata tamaa wabaki kukohoa hadi kaburini. Hilo alilijua vizuri mno.

Seva ilikuwa na diski mbili, na kadi ya RAID iliyoandika kila kitu kwenye zote mbili kwa mpigo. Sasa kadi imezeeka, na nyingine kama hiyo haipatikani. Miezi mitatu nyuma iliisusa diski ya pili, ikawa inaandika kwenye ya kwanza tu. Okumu akaamua kuachana na kadi, kazi hiyo aikabidhi Linux, programu inayoiendesha mashine yenyewe. Mpango ulikuwa mwepesi: diski ya pili ichomolewe kwenye kadi, iunganishwe moja kwa moja na mashine, aifute, aipange upya, anakili majina kutoka ya kwanza. Kisha ya kwanza nayo ijiunge.

Mikono yake kule ilikuwa sista Aluel, muuguzi, mtu makini kuliko mafundi wengi wa Juba, na hapa sitanii. Kwa simu, kwa Kiarabu cha Juba, Okumu akamwambia azime, ahamishe diski ya pili, awashe. Akafanya, na Okumu akaifuatilia skrini ya seva kwa mtandao. Kadi ilipowaka ikalalamika. Okumu akaikubalia bila kusoma, maana malalamiko yake alishayachoka. Seva ikaamka. Akaandika amri ya kufuta. Kilichobaki ni kubonyeza.

Aluel akamwambia asubiri. Kuna mama yuko kwenye benchi tangu asubuhi, anaitwa Amou, karatasi yake imelowa mvua. Amtazamie kama ametimiza miezi miwili, maana hapo vidonge hubadilishwa. Okumu akaona anacheleweshwa. Akasema huyo mama angoje dakika kumi, kazi iko katikati.

"Ametembea saa tatu, ustaz. Mtazame yeye kwanza."

Basi, shingo upande, akatafuta. Amou hayupo. Akatafuta kwa jina la baba. Hayupo. Akamuuliza Aluel, kwa ukali asiostahili yule muuguzi, kama kweli alimwandikisha. Aluel akajibu kwamba alimwandika kwa mkono wake mwenyewe. Okumu akatazama jina la mwisho kwenye orodha: la miezi mitatu iliyopita. Seva ilikuwa imewaka kwa diski iliyosuswa, na ile aliyotaka kuifuta ndiyo yenye watu wote.

Akamuuliza, polepole, diski ya pili aliihesabu kutoka wapi.

"Kutoka kulia," Aluel akasema. "Kwani wewe unaanzia wapi?"

Aluel alisoma Khartoum, kwa Kiarabu, kulia kwenda kushoto, tangu darasa la kwanza. Okumu alisoma Tororo, Uganda, kwa Kiingereza. Miaka minne wamefanya kazi pamoja, wala haikumjia kuuliza. Alijilaumu, na alistahili.

Akaifuta ile amri herufi moja moja. Wakazima, wakabadilisha, safari hii kwa kusema ya upande wa dirisha na ya upande wa mlango. Seva ilipoamka, Okumu hakugusa kitu kabla ya kumtafuta Amou. Alikuwepo: miezi miwili imetimia juzi. Vidonge vipya.

"Mwambie huyo mama asante," Okumu akasema.

Akamsikia Aluel akisema naye kwa Kidinka, na mama akijibu.

"Anauliza wewe ni nani," Aluel akasema, "na kama sasa anaweza kwenda."