Viatu vya Marehemu Anbarasan

Asubuhi ile mzee Anbarasan alipokata roho, binti yake Malarkodi alikuwa bombani akisugua makubadhi ya baba yake kwa brashi ya kufulia. Mvua zilikuwa zimeanza, na udongo wa Vellampatti ukiloa hung'ang'ania ngozi kama uji uliokaukia sufuriani. Jirani yao, bibi Pechiamma, akatokeza mlangoni akasema, "Mwanangu, baba yako kashamaliza. Njoo." Malarkodi akajibu, "Nakuja, bado la kushoto." Akalimaliza la kushoto, akayaegemeza yote mawili ukutani yakauke, ndipo akaingia ndani kulia.

Vellampatti, kijiji chetu, ina sehemu mbili. Kuna Mtaa wa Kati, wenye hekalu na nyumba za vigae na watu wa tabaka la juu wenye mashamba. Na kuna Cheri, huku chini yanakoteremkia maji machafu, kwetu sisi tunaohesabiwa najisi. Mtu wa Cheri akifika mwanzo wa Mtaa wa Kati huvua viatu akavishika mkononi, na mwenye baiskeli hushuka akaikokota. Maiti ya Cheri ndiyo haipiti kabisa. Maziko ya Cheri huzungukia kwenye majaruba ya mpunga, na wakati wa mvua wabebaji huzama mpaka mapajani. Mama yake Malarkodi walimdondosha huko. Walipomwinua alikuwa na tope mdomoni, na binti akamsafisha kwa ncha ya sari yake, lakini hakuweza kulitoa lote. Alizikwa nalo.

Anbarasan alizaliwa akaitwa Kuppan, maana yake takataka. Alipopata ualimu wa shule ya msingi alijibadilisha jina, akanunua viatu, akaingia navyo Mtaa wa Kati mchana kweupe. Wakamvunja mguu. Akaenda mahakamani, kesi ikazeeka naye akazeeka nayo, na mwishowe akashinda. Hukumu ilisema barabara ni ya wote, mwenye viatu na asiye navyo. Tangu hapo alipita kila asubuhi akichechemea na makubadhi yake, na nyuma yake wanawake wa mtaa wakimwaga maji ya kinyesi cha ng'ombe kutakasa alipokanyaga. Alialikwa mijini kuhutubia, akavishwa mashali ya heshima mpaka sanduku likajaa. Ila barabarani alipita peke yake. Watu wa Cheri walimpigia makofi kwenye mikutano, kisha asubuhi wakavua viatu wakaenda kibaruani, kwa sababu mashamba yote ni ya Mtaa wa Kati, na mtu akikunyima kibarua huna pa kumshtaki.

Alipokuwa hoi kitandani alimwambia binti yake, "Nikifa nipitisheni Mtaa wa Kati, na viatu vyangu mguuni. Na nyie nyote mvae. Mkinifuata siku moja tu, mmeshapita. Hawawezi kuvunja miguu ya Cheri nzima." Malarkodi akamwapia kuwa atafanya hivyo. Alikuwa na sababu zake pia: hakutaka kumtoa mzazi mwingine tope mdomoni.

Kosa lilitokea kwenye kumvalisha. Kwetu maiti hufungwa vidole gumba vya miguu pamoja kwa uzi, asije akainuka akatembea. Sasa makubadhi yana kitanzi cha kidole gumba, na kidole kilichofungwa hakiingii. Malarkodi alijaribu huku na huku, akaona isiwe tabu, akaukata uzi.

"We mtoto!" Pechiamma akasema. "Umemfungua? Huyu atatembea, shauri yako."

"Na atembee. Si ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote?"

Basi wakaondoka, wapiga ngoma mbele, machela ya mianzi katikati, na nyuma Cheri nzima ikiwa imevaa viatu. Asiyekuwa navyo aliazima. Pechiamma alivaa kandambili za marehemu mumewe, akawa anaziburuza kama mtu anayefagia. Watu walikuwa wanalia, lakini walikuwa wanatazama miguu yao pia, na wengine walicheka kidogo. Siku ile ilielekea kuwa njema.

Mwanzo wa Mtaa wa Kati wanaume wa huko walikuwa wamevuta vitanda vya kamba wakavilaza njiani, wamekaa juu yake. Mbele yao alikaa Duraisami, mwenyekiti wa baraza la kijiji, mdomo mwekundu kwa tambuu. Pembeni inspekta wa polisi alikuwa akinywa chai ya Duraisami.

"Maiti ya Cheri haipiti hapa," Duraisami akasema, wala hakupandisha sauti.

"Ayya, bwana mkubwa, tunayo hukumu ya mahakama," Malarkodi akasema.

"Sheria iko wazi kabisa, binti," inspekta akadakia. "Barabara ni ya wote. Ila kwa ajili ya amani, zungukeni majarubani."

Hapo Anbarasan akainuka, akakaa juu ya machela. Taya lake lilikuwa limefungwa kitambaa, kwa hiyo maneno yake ya kwanza hayakueleweka. Akakifungua, akakikunja vizuri, akampa binti yake akishike.

"Nishusheni," akasema. "Nimesikia kwamba maiti haipiti. Basi natembea mwenyewe."

Wabebaji wakamshusha polepole kwa sababu ya ule mguu mbovu. Pechiamma akamgusa jirani yake kwa kiwiko. "Si nilisema?"

Duraisami akatuma kuhani wa hekalu aitwe. Kuhani akaja, akasimama mbali kama ilivyo desturi, akamwangalia Anbarasan toka koja la maua shingoni mpaka makubadhi, akatoa uamuzi kwamba anayesimama na kusema si maiti.

"Vizuri," Duraisami akasema. "Kama si maiti, ni mtu hai. Na mtu hai wa Cheri anavua viatu. We Kuppan, vua."

"Ninayo hukumu, Duraisami. Umeisoma. Hata mwanao umemsomea."

Inspekta akaweka kikombe chini. "Mzee wangu, hukumu ile ni yako wewe ukiwa hai. Na mimi nimearifiwa rasmi kwamba umefariki leo asubuhi."

"Kwa hiyo kwenye viatu mimi ni hai, kwenye mahakama mimi ni maiti."

"Ndivyo inavyoonekana," inspekta akasema. Hakuwa mtu mbaya, na alisikitika kweli.

Anbarasan hakubishana zaidi. Alikuwa amebishana miaka yote ile, na hoja zote alishazimaliza. Akageuka kuwatazama watu wake, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hawakuwahi kuiona alipokuwa hai.

"Haya, nifuateni," akasema. "Sote pamoja. Ni mwendo mfupi tu, mpaka kule mwisho wa mtaa, kwenye tangi la maji."

Duraisami hakumtisha mtu. Alitema tambuu, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza mambo ya nyumbani kwake, "Jumatatu tunaanza kupandikiza mpunga. Nitahitaji watu." Kisha akawapitishia macho watu wa Cheri, akiwataja majina. "Pechiamma yuko. Irulappan yuko, na mkewe. Sudalai, mtoto amepona?" Aliwajua wote, na watoto wao, na nani ana mgonjwa ndani.

Pechiamma ndiye aliyetangulia kuvua. Kwa zile kandambili pana ilikuwa rahisi, miguu ilitoka yenyewe. Irulappan akafuata, kisha wapiga ngoma, kisha wabebaji. Hata mtaani walikuwa hawajaingia. Walikuwa bado upande wao wenyewe, ambako hakuna aliyewahi kuwakataza, lakini walivua, wakasimama na viatu mikononi wakitazama vidole vyao. Ilikuwa aibu, na haina jina jingine.

Aliyebaki na viatu alikuwa Malarkodi peke yake. Akasogea akasimama karibu na baba yake.

"Twende, Baba. Mimi ninavyo."

Anbarasan akaangalia nyuma, akaangalia mbele, kwenye vitanda na fimbo zilizolazwa chini yavyo. Akaiangalia miguu ya binti yake, mizima yote miwili.

"Peke yako watakuvunja," akasema. "Vua, mwanangu."

Malarkodi akavua. Huyo mzee alikuwa amepita nchi nzima akiwaambia watu wasivue, na sasa neno hilo alikuwa amelisema kwa mdomo wake mwenyewe. Halikumfaa mdomoni.

"Mimi nitasubiri hapa," akasema.

Akasubiri. Mvua zile zikaisha yeye yupo pale pale, zikaja nyingine. Hakuoza; koja la maua tu ndilo lililonyauka. Mbuzi walizoea kujikuna kwake. Dereva wa basi akajifunza kumkwepa bila kupiga honi. Alipoulizwa jambo alijibu kwa ufupi na kwa adabu, na jioni Malarkodi alimpangusa uso kwa kile kitambaa cha taya.

Baadaye habari zikaenea, wageni wakaanza kuja. Akaja hata waziri, akamvisha shali. Kwa kuwa mkutano uliandaliwa na Mtaa wa Kati, shali lilining'inizwa kwenye ncha ya mwanzi, akavishwa kwa mbali. Duraisami alihutubia. Alimwita "mzee wetu, fahari ya Vellampatti", na kwa mara ya kwanza alilitamka jina Anbarasan, lote, bila kukosea. Baraza likamjengea uzio wa nondo kumzunguka, kwa usalama wake. Na kwa kuwa watu wa Cheri walikuwa wengi siku za hotuba, na viatu mikononi viliwazuia kupiga makofi, baraza likatoa pia kichanja cha saruji cha kuwekea viatu, mwanzo kabisa wa mtaa. Kimepakwa rangi ya buluu, na jina la Anbarasan limeandikwa juu.

Malarkodi hupita hapo kila asubuhi akienda kupalilia shamba la Duraisami. Akifika kichanjani huinama, na baba yake hufumba macho mpaka apite. Siku hizi hufumba mapema zaidi, akisikia tu vikuku vyake vinakuja.

Juzi alisimama mbele ya nondo kabla hajainama.

"Baba, umechoka. Nikuzike?"

Akajibu bila kufumbua macho, "Kwa njia ipi?"

Malarkodi akaangalia majaruba, yamejaa maji mpaka kwenye kingo. Akaangalia mtaa. Kutoka shambani msimamizi alikuwa ameshaanza kuita majina, na la kwake lilikuwa karibu. Akavua viatu, akavipanga kichanjani, visigino ndani ili asihangaike jioni, akapita.