Aliyekuwa Akimtazama Lamar

Siku baharia Lamar Fenwick alipofariki, meli yao ya kivita ilikuwa imefungwa gatini Norfolk, Marekani, na mabaharia wote walikuwa wakisugua na kupaka rangi kwa ajili ya Rais, aliyetarajiwa baada ya siku mbili.

Rais huyo aliwahi kuwa baharia ujanani. Wanamaji walimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo walimwogopa. Ilisemekana jicho lake la kwanza hulitupa kwenye tundu la mnyororo wa nanga, aone kama kutu imechuruzika. Wendell Stroud, serahangi, mkuu wa watu wa sitaha, alilijua hilo. Asubuhi akamteremsha Lamar ubavuni mwa meli, ameketi juu ya ubao ulioning'inizwa kwa kamba, na kopo la rangi ya kijivu.

"Serahangi, Rais anakuja kukagua au kuposa?" Lamar aliuliza huku akining'inia.

"Kuposa. Na bibi harusi ni wewe, kwa hiyo paka vizuri."

Waliokuwa juu wakacheka.

Mtu akining'inia nje ya meli, mwenzake husimama sitahani juu yake na boya la kuokolea mkononi, wala hatazami kitu kingine. Siku hiyo alisimama baharia Pruitt. Lilipofika zulia la kumkaribishia Rais, likawalemea waliolibeba, na Stroud akamwita Pruitt wakasaidie wote wawili. Zilipita dakika nane. Waliporudi, ubao ulikuwa umelala upande mmoja, Lamar hayupo, na maji yalikuwa yakipwa kwa kasi.

Mwili wa Lamar ulipatikana kesho yake chini ya nguzo za gati.

Kwenye kitabu cha kumbukumbu za meli Stroud aliandika kwamba kamba ilikatika, na kwamba aliyekuwa akitazama ni yeye mwenyewe. Pruitt alinyamaza kwa kuwa aliambiwa anyamaze.

Rais alikuja kama ilivyopangwa. Alimkabidhi Bi Ardelia, mama wa Lamar, bendera ya taifa iliyokunjwa, heshima kwa marehemu. Kisha akamgeukia Stroud na kuuliza swali ambalo asingeliuliza mtu asiyewahi kufanya kazi ya sitaha.

"Nani alikuwa anamtazama?"

Mama mtu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

"Mimi, Mheshimiwa."

Rais akamshika bega. "Basi hakufa mpweke."

Bi Ardelia akaing'ang'ania kauli hiyo. Kila Jumapili baada ya ibada alimwita Stroud nyumbani kula kuku wa kukaanga, na kila Jumapili aliuliza.

"Aliogopa, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaimba."

"Huyo ndiye mwanangu. Sauti kama bawaba kavu, lakini haachi."

Stroud alicheka naye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilimchukua miezi saba.

Jumapili moja ya Aprili Bi Ardelia alimsogezea karatasi ya mchonga mawe, yenye maneno ya jiwe la kaburi la Lamar. "Nisomee, miwani nimeisahau kanisani."

Stroud akasoma. *Alikwenda akiimba, mbele ya rafiki yake.*

"Rafiki ni wewe," Bi Ardelia alisema. "Wanaanza kuchonga kesho. Mbona huli?"

Stroud akaweka uma chini. Uso ulimwaka, akashindwa kuuinua.

"Mama, wasichonge."

"Kwa nini?"

"Sikuwepo. Wala Pruitt hakuwepo, nilimwondoa mimi. Tulikuwa tunabeba zulia."

Bi Ardelia hakulia wala hakupaza sauti. Alipangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Zulia."

"La Rais, mama."

"Na kuimba?"

"Nilitunga."

"Kwa hiyo alikuwa peke yake."

"Ndiyo."

"Muda gani?"

"Dakika nane."

Aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili. "Umekula mezani kwangu miezi yote hii, Wendell," alisema, akimwita kwa jina lake la kwanza kwa mara ya kwanza. "Vaa kofia yako uende."

Jumatatu Stroud alikwenda kwa nahodha na kueleza yote, pamoja na alivyomnyamazisha Pruitt. Uchunguzi wa kifo cha Lamar umefunguliwa upya. Shauri litasikilizwa Norfolk tarehe tisa Juni, na Bi Ardelia ameomba awemo katika chumba cha shauri.