Mplamu wa Mama Bila Ua

Kila nyumba ya kijiji chetu cha Ochiai ilipanda mplamu mmoja kilimani, pale palipokuwa na miforosadi iliyotelekezwa. Wetu aliupanda mama. Tangu afariki, miaka sita sasa, baba hazungumzi habari zake. Hata jina halitaji. Ila kila mwezi wa tatu, siku ya maua, kijiji kinapokwenda kula chini ya miplamu iliyochanua, hupanda kilimani akakaa chini ya mti ule mpaka jua lipoe. Mwaka mzima, ni siku hiyo tu ninapouona uso wake umelegea.

Bi Orie, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akiupogoa tangu hapo. Majira haya ya baridi alivunjika nyonga, nami niliona aibu kumwomba mtu mwingine. Kwetu husemwa kwamba anayekata mcheri ni mjinga, na asiyekata mplamu ni mjinga vilevile. Basi Januari nikachukua mkasi. Niliondoa vijiti vyote vifupi vilivyosongamana, nikaacha matawi marefu yaliyonyooka. Ukapendeza, kama mtu aliyetoka kwa kinyozi.

Siku ya maua nilitangulia na kikapu cha chakula kutandika mkeka. Kilima chote kilikuwa cheupe na chekundu, harufu ilinipokea tangu njiani. Nilipoufikia wetu nikakuta fimbo tupu.

Nikauzunguka mara mbili nikidhani nimekosea mti. Nikasoma kibao: Fumie. Ni mama.

Bi Orie alikuwa kwenye kiti cha magurudumu chini ya mti wake. Akautazama mti wetu, kisha akanitazama mimi.

"Chizuru, wewe ndiye uliyeukata?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu, maua hukaa kwenye vile vijiti vifupi. Umenyoa ndevu ukaondoka na kidevu."

Watu wa mikeka ya karibu wakacheka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Baba alikuwa anapanda kilima.

Alisimama mbele ya mti, kofia mkononi. Akashika tawi moja, akapapasa makovu niliyoyaacha. Nikamwambia ni mimi, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia vizuri. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza baba yangu mbele ya kijiji kizima.

Kumbe alikuwa anacheka.

"Fumie naye," alisema, "mwaka wa kwanza wa kuupogoa aliukata hivihivi. Tukala wali chini ya fimbo, yeye amenuna, watu wakipita wanatuuliza kama tunasubiri basi."

Nilibaki nimesimama na kikapu cha chakula, sijui nikiweke wapi. Jina lile, mdomoni mwake, mchana kweupe. Bi Orie akaniambia nifunge mdomo, nyuki ni wengi leo.

Baba akautandika mkeka niliokuja nao, akavua viatu, akakaa, akamega wali. Akasema mama alinuna siku tatu, na siku ya nne akaja kuuomba mti radhi. Nikauliza aliuambia nini.

"Kaa kwanza," akasema. "Hiyo ni ndefu."